Malaika Kumi na Mmoja wa Mellingfield

Mellingfield, Suffolk
12 Januari 1644

Kaka yangu Gilbert,

Tungali hai sote watatu, mimi, Baba na Bibi, na tunaomba karatasi hii ikukute nawe ukipumua. Bibi anauliza kila siku kama jeshi la Bunge linakupa soksi. Nimemwambia linakupa. Kama halikupi, usimwandikie. Ng'ombe mwekundu alizaa ndama mwenye mguu uliopinda, Baba akampiga nyundo ya utosi siku ile ile, na sasa tunakula nyama.

Nimemaliza masomo kwa Mama Frewer. Siku ya mwisho alinishika mkono mbele ya wenzangu akasema, "Tamsin, mwandiko wako unampita kasisi. Mungu angekupa na mdomo ungekuwa mtu kamili." Wasichana wakacheka. Nami nikacheka, ili wasione.

Kwa kuwa hupo, namfuata Baba kazini. Wiki iliyopita tulipanda darini kanisani kukagua mapao. Kaka, nimekaa chini ya paa lile maisha yangu yote nikidhani nalijua. Ukiwa chini unaona malaika sita kila upande, mabawa wazi, kana kwamba wameingia kwa madirisha ya juu wakatua. Ukiwa juu unaona kwamba hawakutua popote. Wamebeba. Boriti fupi inatoka ukutani, mwisho wake ni malaika, na juu ya mgongo wa malaika imesimama nguzo inayoshika paa zima pamoja na mabati yake ya risasi. Baba alimgonga mmoja kwa nyundo ya mti. "Sikia," akasema. Mlio ulikwenda mpaka ukutani ukarudi. "Huyu ni mwaloni mmoja tangu ukutani mpaka puani. Ukimkata yeye, umelikata paa."

Sasa jambo lenyewe. Wavunja sanamu wamefika parokia ya ng'ambo ya mto. Walivunja vioo vyote kwa mikuki. Mzee mwenye kuchimba makaburi alilikumbatia birika la ubatizo akakataa kuliachia, wakamvunja mkono kwa mtaimbo, kisha ule wa pili. Kasisi walimburuta kwa ndevu, mpaka ndevu zikabaki mkononi mwa mtu. Nilimwona Jumapili. Kidevu chake ni kidonda kitupu.

Baba ni mzee wa kanisa, na funguo ziko kwake. Anasema amri ya Bunge ni amri, na vioo na misalaba atavishusha kwa mkono wake mwenyewe na kupaka kuta chokaa. Malaika hatagusa. Wewe uko pamoja na watu hao. Tuambie tufanye nini wasije wakamuua.

Dada yako,
Tamsin


Cambridge
3 Februari 1644

Dada Tamsin,

Soksi zangu zinafika magotini, msomee Bibi hivyo. Chakula ni supu ya njegere, na njegere zenyewe zinatembea kwa wadudu. Juzi farasi alimpiga teke la uso mtu wa kikosi chetu, akafa huku akiuliza kofia yake iko wapi, na ilikuwa kichwani. Tulicheka, Mungu atusamehe, kisha tukamzika.

Nimesoma habari za huyo mzee na mikono yake, na sikufurahi. Lakini nawe usilie kwa ajili ya vioo. Nimeona watu wakila nyasi huku sanamu za kanisani kwao zimepakwa dhahabu mpaka kwenye kope. Mungu hakai ndani ya mti. Kama Baba angenyoosha kidole kuwaonyesha sanamu zilipo, badala ya kunyoosha shingo yake, hakuna ambaye angeguswa.

Tena hana sababu. Nakumbuka vizuri nilipokuwa na miaka kumi na minne tulimweka malaika mpya, yule wa tatu upande wa kaskazini. Alishikwa na kigingi kimoja tu nyuma ya mabawa. Ukigonga kigingi anadondoka kama pea iliyoiva, na paa halijui kama kuna mtu amepita. Nimemweleza hivyo Sajini Cobbold, ambaye ndiye atakayekuja kwenu mwezi ujao. Ni mtu mwema. Tunalala blanketi moja, na usiku wa baridi ananiachia upande mkubwa. Mkewe, Damaris, anamwandikia kila wiki naye ananipa nimsomee, maana hajui kusoma. Mpokeeni kwa bia, mpeni ngazi, na mtamsahau kesho yake.

Kaka yako,
Gilbert


Mellingfield
20 Februari 1644

Kaka Gilbert,

Asante kwa barua. Nilimsomea Bibi habari za soksi akasema, "Mwongo kama babu yake," akaanza kufuma. Kikohozi chake kimepungua.

Sitarefusha, maana Mzee Pell mchukuzi anasubiri na gari lake mlangoni, na nataka hii ikufikie kabla sajini hajaondoka. Nilipomsomea Baba maneno yako kuhusu kigingi, aliweka kijiko chini. Hakukasirika. Alisema niandike kama anavyosema yeye, neno kwa neno:

"Gilbert, unamkumbuka mmoja ukadhani umewakumbuka wote. Yule wa tatu aliozeshwa na mvua, nikaikata boriti yake, nikaiunga chuma ukutani, nikambandika malaika wa kigingi ili mstari usiwe na pengo. Wale kumi na mmoja hawana kigingi. Wao ndio boriti. Wakitiwa msumeno wawili watatu mfululizo, ukuta wa kusini utasukumwa nje na paa litashuka juu ya kila aliye chini. Mwambie sajini wako. Si kwa ajili ya malaika. Kwa ajili ya vichwa vyao."

Ndivyo alivyosema. Bibi akaongeza, "Na mwambie, mwenye bunduki anayeogopa mbao ana moyo wa kuku." Hilo usimwambie sajini.

Tafadhali, kaka. Wewe ni mmoja wao, watakuamini.

Tamsin


Mellingfield
16 Machi 1644

Kaka Gilbert,

Bibi ni mzima. Ndama mwingine hatukupata. Sikupata jibu la barua yangu ya Februari, na sijui kama ilifika.

Walikuja Jumatatu, tarehe kumi na moja, watu tisa. Baba aliwapokea mlangoni na funguo. Vioo alikuwa ameshavitoa vyote, msalaba wa juu ya paa ulikuwa chini nyasini, kuta zilikuwa nyeupe. Sajini Cobbold alitazama akasema, "Kazi nzuri, mzee. Mngekuwa wote hivi ningekuwa nyumbani kwangu nakula." Akatundika kofia yake kwenye birika la ubatizo. Kisha akainua macho. "Na hao huko juu?"

"Hao ni boriti, bwana."

"Mwanao kaniambia ni vigingi. Nimelala naye miezi mitatu, mzee. Hajui kudanganya hata kwenye karata."

"Mwanangu anamjua mmoja. Mimi nawajua kumi na wawili."

Mmoja wao, kijana mwekundu mwenye bunduki, akapaza sauti, "Baba malaika anatetea watoto wake!" Wakacheka. Walileta ngazi, Baba akaishika ya kwanza kwa mikono miwili akasema hapandi mtu mpaka wamsikilize. Kijana mwekundu alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Baba hakuiachia ngazi. Akampiga tena. Mara ya tatu ilikuwa taya, nikalisikia nikiwa nje makaburini, mbele ya mlango ulio wazi. Lililia kama kuni mbichi. Baba aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka, meno yakimtoka na mate.

Sajini alimkemea kijana. Nataka ujue hivyo. Lakini akaamuru Baba afungiwe katika chumba kilicho juu ya kibaraza cha mlango, na kazi ianze.

Niliruhusiwa kumpelekea maji. Taya lilikuwa limekaa upande, kama mlango uliotoka bawabani. Alijaribu kunena, damu ikafanya mapovu. Akaitoa nyundo ya mti kwenye mkanda, akaitia mkononi mwangu, akaonyesha juu, akagonga hewani, akagusa sikio. Nilielewa. Niwagongee yule wa tatu, kisha wengine, wasikie wenyewe tofauti. Kisha akalisukuma neno moja likatoka. "Waambie."

Niliingia kanisani, kaka. Halafu nikatoka. Halafu paa likaanguka. Sitaandika zaidi kuhusu hapo.

Halikuanguka kwa kishindo kama unavyodhani. Lilianza kwa kulia, mlio mrefu wa mti mnene, na kunguru wote wa mnarani wakaruka pamoja. Ukuta wa kusini ulilegea kuelekea makaburini, mawe ya gumegume yakawa yanadondoka moja moja. Kisha mabati ya risasi yalijikunja katikati kama shuka, yakaingia ndani, na vumbi likatoka kwa kila dirisha.

Kibaraza alimofungiwa Baba kilibaki kimesimama. Tulichimba mpaka Jumanne. Watano wamekufa. Kijana mwekundu tulimpata amekaa, boriti imemwingia begani na kutokea kiunoni, macho wazi, chokaa juu ya macho. Wawili hatukuweza kuwatenganisha, tukawazika hivyo hivyo. Sajini Cobbold alikuwa chini ya malaika. Uso wake haukuwepo. Bibi alimjua kwa masikio, mekundu kama alivyoyaona walipofika, akamfunika kwa shuka letu la kitani.

Wanne walionusurika wanasema Baba alikata boriti kwa siri kabla hawajaja, ili awaue. Mmoja ameapa kwamba alimwona anatabasamu. Kaka, lile lilikuwa taya! Wamempeleka Bury amefungwa nyuma ya farasi, na atahukumiwa tarehe saba Mei. Watamnyonga. Wewe peke yako una ushahidi kwamba Baba alionya mapema, maana uko katika barua yangu ya tarehe ishirini Februari. Mpelekee kapteni wako. Mwambie ulivyomwambia sajini, au kwamba hukuwahi.

Nijibu haraka.

Tamsin


Cambridge
2 Aprili 1644

Tamsin,

Bibi mpe salamu. Mimi nina homa lakini nasimama.

Nimesoma yako mara moja tu. Cobbold alikuwa na mizaha mibovu na miguu yenye kunuka, na hapakuwa na mtu bora kuliko yeye katika kikosi kizima. Damaris ameandika tena, hajapata habari. Barua iko mfukoni mwangu. Sijui nimsomee nani.

Mambo hapa ni mabaya. Jumamosi walimtoboa mtu ulimi kwa chuma cha moto kwa sababu alilitaja jina la Bikira alipoumia. Tulipangwa mstari tutazame. Harufu yake haijatoka puani mwangu. Unadhani mtu anayesimama mbele ya kapteni na kusema, "Nilijua habari za malaika fulani," atasikilizwa mpaka mwisho wa sentensi?

Barua nyingi hupotea njia ile. Pell ni mlevi, kila mtu anajua. Siwezi kuthibitisha kitu kuhusu karatasi.

Nami nikuulize. Baba alikupa nyundo. Umeandika uliingia na ukatoka. Uliwaambia nini? Kama uliwaonya wakakataa, basi wewe ndiye shahidi, si mimi. Kwa nini huendi Bury mwenyewe?

Gilbert


Mellingfield
19 Aprili 1644

Gilbert,

Bibi amelala siku ya tatu hali kitu, anasema atakula Baba akirudi. Jumapili hii ni Pasaka, na tutasali makaburini chini ya mvua.

Mzee Pell hanywi. Aliacha pombe mkewe alipofariki, miaka sita sasa, na ungekuwa unaandika nyumbani ungejua. Nilikwenda kwake. Unajua ni vigumu kiasi gani kwangu kubisha mlango wa mtu. Alisema, "Binti, nilimkabidhi mkononi tarehe ishirini na sita Februari. Akaifungua pale pale, akasoma akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari. Akanipa kipande cha jibini nisimwambie mtu kwamba anapata barua kutoka kwa mzee wa kanisa lenye sanamu." Cobbold aliondoka Cambridge tarehe nane Machi. Mlilala blanketi moja siku kumi na moja zaidi, nawe ukijua, na hukumwambia.

Nilipotoka kwa Pell nilitaka kukuandikia maneno ambayo hayaandikwi. Nikafika nyumbani, nikakaa na kalamu, na nikakumbuka swali lako. Basi nitakujibu, kisha tutakuwa sawa.

Niliingia kanisani. Walikuwa wameshakata wawili upande wa kusini, na wa tatu walikuwa wanamwanza. Malaika waliokatwa walilala sakafuni kifudifudi. Askari wote waligeuka kunitazama. Kijana mwekundu akasema, "Haya, malaika wa kumi na tatu huyo! Huyu naye ana kigingi?" Wakacheka. Nilishika nyundo. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Unanijua. Ilikuwa kama kwa Mama Frewer, uso unawaka, masikio yanavuma. Nilisimama hapo nadhani muda wa sala moja. Kama ningetoka wakati ule, ningeweza kukuandikia kwamba ni haya iliyoniziba, nawe ungeniamini, nami labda ningejiamini.

Lakini sajini aliwanyamazisha. Alishuka ngazi, akaja, akapiga goti mbele yangu ili nisilazimike kumtazama juu. Akasema polepole, "Usiwaogope hawa, ni ng'ombe. Baba yako kakutuma? Sema, mama. Nakusikiliza."

Na pale, kaka, haya ilikuwa imeisha. Naapa mbele ya Mungu. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku yoyote. Ningeweza kuimba. Nilitazama nyuma ya bega lake, nikaona bunduki ya kijana mwekundu imeegemezwa ukutani, na kitakoni mwake jino la Baba lingali limekwama. Nilitazama juu, msumeno umefika nusu ya shingo ya yule wa tatu wa kusini. Mti ulilia kidogo. Wao hawakuusikia. Mimi niliusikia, kwa sababu Baba alinifundisha kusikia.

Nikasema, "Hakuna kitu, bwana."

Nikatoka nje, nikaenda nikasimama mbali na ukuta wa kusini.

Majuto yalinishika nilipokuwa getini. Niligeuka. Labda nilikimbia hatua nne kabla paa halijaanza kulia. Lakini neno langu nililisema nikiwa na akili zangu zote, na lilikuwa neno la kwanza maishani mwangu kumwambia mgeni bila kutetemeka.

Nitakwenda Bury tarehe saba. Nitasema kwamba Baba alinituma, na kwamba ni mimi sikuonya. Nakuomba uje na ile barua, maana wanaweza wasimwamini binti anayemtetea baba yake. Usije kwa ajili yangu.

Tamsin


Cambridge
30 Aprili 1644

Dada yangu,

Funga mdomo wako. Kwa jina la Mama aliyelala kaburini, funga. Watakutia kitanzi, na shingo yako ni nyembamba, hutakufa haraka.

Ni kweli niliipata. Kila asubuhi nilisema nitamwambia leo. Wakati ule walikuwa wanawatafuta wenye huruma na sanamu katika kikosi, na Cobbold asingeweza kunyamaza, angempigia kapteni kelele. Nikasema Baba atamwambia mwenyewe, Baba ndiye fundi. Ndivyo nilivyojiambia.

Barua ninayo. Nitapata farasi wa kuazima, nitakuja Bury mwenyewe tarehe saba asubuhi, nitasema yote mimi. Wewe kaa na Bibi. Usitoke nyumbani. Unisikie mara moja katika maisha yako.

Gilbert


Bury
Alhamisi, 9 Mei 1644

Kaka Gilbert,

Bibi alikula Jumatatu, baada ya kusikia kwamba naondoka. Alinivisha shali yake akasema, "Nenda kaseme, na usiseme kwa pua." Sisi wengine tuko hai.

Sikukaa nyumbani. Nilifika mahakamani alfajiri ya Jumanne, nikasimama karibu na mlango ili nikuone ukiingia. Kila ulipofunguliwa niligeuka. Aliingia muuza mkate, akaingia mtu na mbwa, wakaingia wale askari wanne, mmoja kwa magongo. Walipomleta Baba nilidhani ni mtu mwingine. Taya limeunga vibaya na uso umekuwa mdogo. Walimuuliza kama ana la kusema, akatoa sauti, na watu wakacheka. Karani akaandika kwamba mshtakiwa hakujibu.

Nilingoja mpaka hakimu aliposema kama hakuna shahidi mwingine. Nikatazama mlango mara ya mwisho. Barua zako zilikuwa ndani ya shali, lakini sikuzitoa, zisije zikakutia wewe kitanzi. Kisha nikasema, "Nipo mimi."

Hawakusikia. Nikasema tena.

Nilisema yote, kama nilivyokuandikia, na jino, na "Hakuna kitu, bwana." Yule askari wa magongo akainuka akasema, "Ni kweli. Alikuja na nyundo. Sajini alipiga goti. Nilidhani amekuja kuomba mkate." Ndipo wakaniamini, kwa neno lake. Nilikuwa tayari kwa kamba. Wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama walirudi haraka wakasema Baba hana hatia. Kuhusu mimi hakimu alisema kwamba sheria haimnyongi mtu kwa kunyamaza, lakini nilimdanganya mtu aliyekuwa kazini kwa amri ya Bunge, na kwa hilo nichapwe viboko kumi na viwili sokoni. Baba alijitupa mbele ya meza, wakamkanyaga mgongoni mpaka walipomtoa nje.

Walinichapa jana, siku ya soko, nyuma ya gari, mgongo wazi. Sitakueleza. Naandika nimesimama. Ninalotaka ujue ni kwamba mtu alikuwa anahesabu. Sauti ya mwanamke, mbele kabisa, wazi na bila haraka, moja, mbili, tatu, kama anahesabu mayai. Mkono wa mpigaji ulipolegea kwenye cha nane alisema, "Hicho hakikuwa kitu, rudia." Akarudia. Kwa hiyo vilikuwa kumi na vitatu.

Waliponifungua alikuja. Ni mfupi, amevaa nyeusi, mikono ya mtu anayefua. Nilidhani atanipiga, na alinipiga, ngumi moja ya mdomo, jino likanitoka. Baba alinyanyuka, nikamwomba akae. Akauliza, "Uso wake ulikuwaje?" Nikamwambia kwamba haukuwepo. Akauliza, "Mlimfunika?" Nikasema kwa shuka la Bibi, la kitani. Akaketi juu ya jiwe, akalia kwa kifua bila machozi. Nililowesha kona ya shali nikafuta damu kwenye vidole vyake. Ilikuwa yangu.

Kisha akasema, "Mume wangu hakuwa mpumbavu. Alifanya kazi na wajenzi kabla ya vita. Asingeweka msumeno kwenye mti asioujua. Nani alimwambia ni vigingi?"

Hapo nilifahamu kwamba ninaweza kuficha tena. Ningesema sijui. Angeamini, nimeshachapwa, nani angenidai zaidi? Nilimtazama Baba. Aligeuza uso ukutani, na kwa mgongo wake nilielewa kwamba hatanizuia wala hatanituma. Wewe ni mwanawe, naye ana taya lile.

Nikamwambia. Nikamwambia na jina lako, na kwamba ulikuwa unamsomea barua zake, na kwamba moja bado iko mfukoni mwako. Nikamsomea zako zote nilizokuja nazo, mpaka ile ya farasi wa kuazima. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza Cambridge ni mbali kiasi gani. Nikasema maili ishirini na nane. Akasema, "Niandikie kitu cha kumpa, nijue ni yeye kwa jinsi atakavyokishika."

Huyo aliyekuletea karatasi hii, anayekutazama unavyosoma, ni Damaris Cobbold. Ametembea. Mpe kiti kwanza. Kisha mwambie kwa mdomo wako.

Dada yako,
Tamsin